Nani Aliye Ndani ya Lipiko?



Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana wa Masasi na Newala, na kila nyumba iliyo katika hali kama ya nyumba zao, juu ya picha za sinema. Jambo hili si geni, na kila mzazi ana rai yake. Wako wasemao kwamba sinema yote ni uchafu, na mlango ufungwe. Wako wasemao kwamba dunia imekwisha geuka, na mtoto aachwe atazame apendavyo. Rai hizi mbili zaonekana kuwa ni maadui, lakini matokeo yake ni mamoja: kijana hutazama peke yake. Yule aliyekatazwa hutazama simu yake usiku ndani ya chandarua, na yule aliyeachiwa hutazama katika kibanda cha video pamoja na wenziwe wasiojua zaidi yake. Sisi twaitafuta njia ya tatu, na tutaieleza kwa mfano wa picha za zama moja ya Marekani.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, nyumba za sinema hupanga mfululizo wa maonyesho, wiki baada ya wiki, kwa kuziheshimu picha zilizotengenezwa baina ya mwaka 1967 na mwaka 1980 hivi. Zama hizo wenyewe waziita Hollywood Mpya. Watu hulipa ili kuziona tena picha zilizotoka kabla wengine wao hawajazaliwa, na baada ya picha hukaa wakazungumza. Kijana wa Newala aweza kuuliza: Mambo ya Wamarekani wa miaka hiyo yanihusu nini mimi, ambaye baba yangu ni mkulima wa korosho? Jibu letu ni kwamba katika zama hizo ndipo mzigo wa kupima picha ulipoondolewa mabegani mwa makampuni ukawekwa mabegani mwa wazazi. Mzigo huo umekwisha fika Newala, na wengi wetu hatujui kwamba tumetwishwa.

MTAZAMAJI NA LIPIKO

Watu wa uwanda wa Wamakonde hawana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kutazama mchezo. Wanayo ngoma ya mapiko. Lipiko ni mchezaji aliyevaa kichwani kinyago cha mti, na mwili wake umefunikwa kwa nguo hata asijulikane ni nani. Zamani watoto na wanawake waliambiwa kwamba huyo si mtu, bali ni mzimu. Mvulana alipopelekwa jandoni, miongoni mwa siri alizofunuliwa ni hii: ndani ya lipiko yumo mtu. Tangu siku hiyo hakukimbia tena. Aliweza kusimama akautazama uhodari wa mchezo, akausifu au akautoa kasoro.

Hatusemi hapa kwamba ngoma hiyo ifuatwe au iachwe. Twauchukua mfano wake tu, kwa kuwa watu wa huko wataufahamu upesi. Picha ya sinema nayo ni lipiko. Ndani yake yumo mtu aliyeiandika, mtu aliyeilipia, na mtu aliyekata vipande asivyovitaka. Asiyewajua watu hao, ama huikimbia picha, ama huiamini yote.

Kusini mwa nchi yetu kulikutana na mashine ya sinema mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, Mjerumani mmoja, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi akapita Masasi akapanda hadi Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupigia picha za sinema. Alizipiga picha ngoma za watu wetu, akazichukua kwao Ujerumani. Picha hizo zilikwenda kutazamwa na watu wa mbali, wala waliocheza hawakuulizwa ni kitu gani wangependa kionekane.

Kisha baina ya mwaka 1935 na mwaka 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa motokaa katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Fedha za kuanzisha kazi hiyo zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa New York. Basi tangu siku za mwanzo picha ilitujia ikiwa na haja ya mwenye mashine. Si lazima haja hiyo iwe mbaya. Kuna picha ya Vugiri iliyofundisha habari za safura, na hapana ubaya katika kumkinga mtu na safura. Lakini haja ipo, na yatupasa kuijua.

KANUNI ILIYOVUNJIKA

Sasa twende Marekani. Mwaka 1930 wenye makampuni ya Hollywood walikubaliana juu ya Kanuni ya kuziongoza picha zao, na kuanzia mwaka 1934 ikashikwa kwa nguvu. Picha isiyopata muhuri wa ofisi ya Kanuni haikuingia katika majumba ya makampuni hayo. Kanuni ilikataza uchi, ilikataza matusi, na ilikataza kumfanya mhalifu apendwe kwa uhalifu wake. Mzazi akisikia hayo atasema: Laiti ingalidumu! Lakini asubiri kidogo. Kanuni hiyo hiyo ilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mtu mweupe na mtu mweusi, hata wakiwa mume na mke, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1956. Katika picha nyingi za miaka hiyo mtu mweusi alikuwa mtumishi, au mchukuzi, au mtu wa kuchekwa. Chini ya vazi la adabu palikuwa na kiburi cha rangi, na aliyelitazama vazi tu hakumwona mvaaji.

Kanuni ilivunjika kwa sababu kubwa tatu. Ya kwanza ni sheria. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba makampuni makubwa yaachane na umiliki wa majumba ya sinema. Mwenye jumba alipokuwa si mwenye kampuni, muhuri ukapungua nguvu, maana aliweza kuonyesha picha hata isiyo na muhuri. Ya pili ni televisheni. Mwaka 1946 Wamarekani waliokwenda sinema walikadiriwa kuwa milioni 80 hadi 90 kila wiki. Televisheni ilipoingia majumbani, hesabu hiyo ikashuka mwaka hata mwaka. Ya tatu ni vijana wenyewe. Ilikuwa miaka ya vita vya Vietnam, na miaka ya Wamarekani weusi kudai haki zao barabarani, na picha za namna ya zamani zilionekana kuwa hazisemi kweli.

Makampuni, yakichelea kufilisika, yakawafungulia mlango waongozaji wapya. Mwaka 1967 zikatoka picha kama Bonnie and Clyde na The Graduate, ambazo zilisema waziwazi mambo yaliyokuwa yakifichwa. Tarehe 1 Novemba 1968 Kanuni ikawekwa kando kabisa, na mahali pake zikaja herufi nne. G ilikuwa kwa watu wote. M ilikuwa kwa watazamaji waliokomaa, na mzazi aliachiwa kuamua. R ilikuwa kwa kijana akiwa amefuatana na mzazi wake au mlezi wake. X ilikuwa kwa watu wazima peke yao. Herufi hizo zimebadilishwa mara kadha tangu hapo, lakini maana yake imebaki ile ile.

Na tuyafikiri vizuri maneno hayo: akiwa amefuatana na mzazi wake. Kabla ya mwaka 1968 kampuni ilisema: Sisi tumekwisha pima, tazameni. Baada ya mwaka 1968 kampuni ilisema: Sisi twatengeneza tupendavyo, na ninyi wazazi pimeni. Huo ndio uhuru ambao mifululizo ya maonyesho huusherehekea, na kwa hakika ulizaa kazi kubwa za sanaa. Lakini kila uhuru alioupata mwongozaji ulikuwa ni kazi iliyoongezwa kwa baba na mama.

HERUFI HAIKUSAFIRI

Picha hizo zilipovuka bahari, herufi zilibaki kwao. Katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja palikuwa na wakaguzi wa Serikali, na palikuwa na mlango na mtu wa kukata tikiti. Mtu alitazama mbele za jirani zake. Tena desturi ya mwambao ilikuwa na hekima yake: huko Unguja yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na mama aliweza kwenda na binti zake pasipo kuvunja heshima ya nyumba.

Baadaye zikaja kanda za video, kisha diski, na sasa simu na flashi. Katika vibanda vya video walitokea wafasiri, na mashuhuri miongoni mwao ni Lufufu wa Dar es Salaam, ambao huieleza picha ya kigeni kwa Kiswahili, wakatia methali na mzaha hata mtu asiyejua Kiingereza akafuata kisa chote. Kazi yao ni ya akili, nasi hatuidharau. Lakini mfasiri wa kibanda ni mtu wa biashara. Kazi yake ni kumfanya mtazamaji arudi kesho. Na katika simu hayupo hata mfasiri. Mtoto wa miaka 12 aweza kuipata picha ya herufi X kwa wepesi ule ule wa kuipata picha ya herufi G.

Jandoni mwari hakuachwa bila ya kungwi. Twauliza: Kungwi wa sinema katika nyumba zetu ni nani?

PICHA NNE ZA KUANZIA

Kwa hiyo twashauri kwamba jamaa wa mtaa mmoja, au walimu wa shule, au umoja wa vijana, wapange mfululizo mdogo wa maonyesho manne ya picha za zama hizo, zenye kutazamwa na kuzungumzwa. Tumechagua hizi.

Ya kwanza ni Sounder, ya mwaka 1972, iliyopewa herufi G. Ni kisa cha jamaa ya wakulima weusi huko Louisiana katika miaka ya dhiki ya 1930. Walima shamba la mtu kwa kugawana mazao, na kila msimu hesabu huwaacha na deni. Watoto wana njaa. Baba aiba nyama, akamatwa na kupelekwa kazi ngumu mahali ambapo mkewe hata haambiwi. Mwanawe wa kiume, kijana mdogo, afunga safari kwa miguu kumtafuta babaye, na njiani akuta shule ya mwalimu mweusi, na shule hiyo yaugeuza moyo wake. Cicely Tyson, aliyecheza mama, na Paul Winfield, aliyecheza baba, wote wawili waliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa sana kisa hiki. Mtu ambaye amepata kuuza korosho zake kwa kangomba kabla ya msimu, kwa bei ya dhiki, kwa kuwa watoto hawana chakula, ataijua ile sura ya baba mara moja. Hii ndiyo picha ya kutazamwa na nyumba nzima.

Ya pili ni In the Heat of the Night, ya mwaka 1967. Askari mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia ajikuta katika mji mdogo wa Mississippi, akamatwa kwa rangi yake tu, kisha yeye ndiye atakiwaye kumtafuta muuaji. Mwenye shamba mmoja mweupe ampiga kofi, na yule askari amrudishia kofi papo hapo. Leo kitendo hicho chaonekana kidogo. Mwaka 1967 watazamaji wa Marekani hawakuwa wamezoea kuona mtu mweusi akifanya hivyo katika picha. Mchezaji wake, Sidney Poitier, alikuwa mtoto wa wakulima wa nyanya wa visiwa vya Bahamas, aliyesoma shule miaka michache, na alipofika New York ujanani alijifunza kusoma vizuri kwa msaada wa mtumishi mmoja wa hoteli. Picha yenyewe ilipigwa zaidi katika jimbo la Illinois, kwa sababu Poitier hakuona amani kwenda kufanya kazi kusini. Ilipewa tuzo ya picha bora katika sherehe ya Aprili 1968, ambayo iliahirishwa kwa siku mbili kwa sababu ya kuuawa kwa Martin Luther King. Ndani yake mna habari za mauaji na vipande visivyofaa watoto wadogo. Iwe ya vijana wakubwa na watu wazima, na kungwi aitazame kwanza.

Ya tatu ni All the President's Men, ya mwaka 1976. Waandishi wawili vijana wa gazeti la Washington Post wafuatia habari ya watu waliokamatwa usiku wa Juni 1972 wakivunja ofisi za chama cha upinzani katika jumba la Watergate, na hatua kwa hatua njia yawapeleka mpaka karibu na Rais Nixon, aliyejiuzulu Agosti 1974. Picha hii haina vita wala ngumi. Kazi yote ni kupiga simu, kubisha milango, kuandika, na kuuliza tena. Mara kwa mara waambiwa na mkubwa wao kwamba habari haijatosha, warudi wakatafute shahidi mwingine. Kijana apokeaye uvumi katika simu yake na kuutuma kwa watu 50 kabla hajaumaliza kuusoma atapata somo hapa. Na dini yetu imekwisha tuamuru kuichunguza habari kabla ya kuifuata. Mna maneno makali katika mazungumzo yao, na kwa ajili ya maneno hayo picha ilipewa R mara ya kwanza. Wenyewe wakakata rufani, ikashushwa. Na hilo nalo ni somo: hata herufi hupimwa na watu, na watu huweza kubishana.

Ya nne wengi wetu waijua: The Message, au Ar-Risala, iliyotoka mwaka 1976. Wengi wameitazama katika siku za Maulidi au za Idi bila ya kujua kwamba mtengenezaji wake, Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika Shamu, alikuwa ni mtu wa Hollywood, aliyesoma kazi hiyo California. Aliipiga mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa wachezaji mbalimbali. Katika ile ya Kiingereza Sayyidna Hamza alichezwa na Anthony Quinn, na Sayyidna Bilal alichezwa na Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar. Mtume, rehema na amani zimshukie, haonyeshwi wala sauti yake haisikiki.

PICHA ILIYOHUKUMIWA KABLA YA KUONWA

Twataka tusimame kidogo juu ya picha hii ya nne, maana yagusa moyo wa mazungumzo yetu. Wanavyuoni walihitilafiana. Wako wa Al-Azhar walioyapitia maandishi yake kabla haijapigwa, na wako wa Makka walioikataa. Akkad alianza kazi Moroko, akaamriwa aondoke, akaimalizia Libya. Sisi hatukai hapa kuamua baina ya wanavyuoni; kila nyumba imwulize shehe wake.

Lakini lilitokea jambo ambalo halina hitilafu. Uvumi ulienea kwamba Anthony Quinn amecheza sura ya Mtume mwenyewe. Uvumi huo ulikuwa uongo. Mwezi Machi 1977, picha ilipokuwa yafunguliwa Marekani, kikundi cha watu wenye silaha kiliyateka majumba matatu katika mji wa Washington na watu zaidi ya 100 ndani yake, na miongoni mwa madai yao ni kwamba picha hiyo izuiwe. Hawakuwa wameiona. Kijana mmoja mwandishi wa habari aliuawa kwa risasi. Mabalozi watatu wa nchi za Kiislamu walikwenda kuzungumza nao mpaka mateka wakaachiliwa.

Hapa twaona hatari ya mtu akimbiaye lipiko bila ya kujua aliye ndani. Kwa kawaida twahofia yule kijana aaminiye kila akionacho, na ni haki kumhofia. Lakini yule ahukumuye asichokiona naye ni kipofu vile vile, na yaweza kutoka damu kwa upofu wake.

Tena kuna jambo jingine juu ya Akkad. Mwaka 1978 mtu huyo huyo alikuwa mmoja wa wasimamizi na watoaji fedha wa picha ya kutisha iitwayo Halloween, habari za muuaji mwenye kinyago na kisu, na mfululizo wake ndio uliomletea fedha nyingi. Baadaye alitengeneza Lion of the Desert, juu ya Omar Mukhtar wa Libya, shujaa aliyenyongwa na Wataliano mwaka 1931. Mkono mmoja ulichonga vinyago vitatu! Mwenyewe aliuawa kwa bomu la magaidi huko Amman mwezi Novemba 2005, pamoja na binti yake. Kijana akiyajua hayo hatasema tena kwamba picha fulani ni njema kwa kuwa mwenyewe ni Mwislamu, wala kwamba ni mbaya kwa kuwa imetoka Hollywood. Ataipima picha yenyewe.

ZISIZOFAA WATOTO

Twajua kijana ataturudi: Mbona hamkuitaja The Godfather, ambayo kila mtu aisifu? Twaitaja. Ni ya mwaka 1972, mwongozaji wake ni Francis Ford Coppola, na ni kazi ya ufundi mkubwa. Ni kisa cha baba ajengaye jamaa yake kwa damu ya wengine, na mwana aliyekusudia kuwa mbali na kazi hiyo, mwishowe akaishika kwa mikono miwili. Mtazamaji asiye na kungwi huona suti, motokaa na watu wakibusu mkono wa mkubwa. Mwenye kungwi huonyeshwa mwisho wake: mlango wafungwa mbele ya mke, aliyekwisha danganywa na mumewe. Yule aliyeua kwa jina la kuilinda jamaa amejitenga na jamaa. Hata hivyo picha hiyo ina mauaji mengi, tena na uchi. Ni ya watu wazima. Taxi Driver ya mwaka 1976 ni vivyo hivyo, tena zaidi. Kusema kwamba kitu ni cha watu wazima si kukitukana. Hata dawa huandikwa umri.

Zama hizo nazo zilipita. Mwaka 1975 picha ya papa mla watu, Jaws, ilifunguliwa siku moja katika majumba zaidi ya 400 ikitangazwa sana katika televisheni, na mwaka 1977 ikafuata Star Wars. Makampuni yakaona kwamba picha moja ya kishindo huleta fedha kuliko picha kumi za kufikirisha, na waongozaji wakaanza kunyang'anywa funguo walizopewa. Nyingi za picha ambazo kijana wa leo huziona katika simu ni wajukuu wa picha hizo mbili. Ndiyo maana twampeleka nyuma kidogo, akaone kwamba picha ya Marekani iliweza kuwa kitu kingine.

NAMNA YA KUFANYA

Mambo yenyewe si ya gharama kubwa. Yatakiwa projekta ya kuazima, shuka jeupe, na umeme. Miezi ya kiangazi yafaa, kabla ya mnada wa korosho kuanza, maana wakati wa mnada fedha na akili za watu ziko ghalani. Iwe baada ya sala ya Isha, usiku ambao kesho yake si siku ya shule. Nakala ipatikane kwa njia ya halali. Na kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 yataka kibali kwa picha ionyeshwayo hadharani, wenye shughuli wamwone Afisa Utamaduni wa wilaya mapema. Palipo na haja, pawe na onyesho la akina mama na mabinti peke yao, kama ilivyokuwa Unguja, wala wasipewe mabaki ya usiku.

Mtu mzima mmoja, anayesikilizwa na vijana, aitazame picha kwanza tangu mwanzo hata mwisho. Huyo ndiye kungwi. Awepo pia mwenye kujua Kiingereza, naye aeleze kwa Kiswahili bila ya kuongeza chumvi. Picha isimamishwe mara mbili, na mwisho wake watu wasitawanyike. Waulizwe maswali matatu, na vijana wajibu kabla ya wazee. La kwanza: Nani ameitengeneza picha hii, na fedha zilitoka wapi? La pili: Alitaka nipende nini, na nichukie nini? La tatu: Ni nani katika kisa hiki ambaye hakupewa nafasi ya kusema?

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lenye faida. Mtoto akilizoea atalichukua mpaka katika simu yake, hata siku ambayo hatukuwa karibu naye. Ataitazama picha ya vita atauliza habari za wanakijiji. Atautazama wimbo wa video atauliza habari za yule msichana asiyesema neno. Na siku moja, inshallah, kijana wa Newala atashika kamera mwenyewe, apige picha ya watu wa kwao, na kabla ya kuanza atawauliza ni kitu gani wangependa kionekane.

Wazazi watakaoanza, waanze na Sounder. Wachague usiku mmoja mwezi huu, wawaite jirani wawili watatu na watoto wao, na baba akae mkekani pamoja nao, asikae mlangoni.